Mwendo wa Marehemu

Siku Ambwene Mwasyeba aliposimama kwa mara ya kwanza kwa mwendo wa marehemu baba yake, Nyamizi Kapela alipiga makofi peke yake katika chumba kizima, wala hakuona haya. Alikuwa mtaalamu wa viungo kwa miaka kumi na sita, kumi kwao Tabora na sita hapa kwenye miteremko ya Rungwe, na watu wengi walikuwa wamesimama mbele yake. Wengi husimama kama mlango uliong'oka bawaba. Huyu alisimama kama mtu aliyekumbuka kitu. Mgongo ulinyooka wenyewe, mabega yakashuka, kidevu kikarudi mahali pake, na mguu wa kulia, uliokuwa ukining'inia tangu kiharusi, ukanyanyuka na kutua kwa kisigino.

"Tembea, baba Lugano," alimwambia. "Usiuamuru mguu. Uache."

Akatembea hatua kumi na mbili kati ya vyuma viwili vya kushikilia, na hakuvigusa. Alipofika mwisho aliketi, akaitazama miguu yake, akalia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu miezi kumi na moja.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Leo ilikuwa ya thelathini na sita, na Ambwene alikuwa amekuja kituoni kwa miguu, kilomita mbili za kupanda, amechomekea shati kama karani.

"Hebu rudi tena mpaka ukutani," alisema Nyamizi. Alimtazama kiuno, halafu magoti. Kisigino cha kulia kilitua kizito, cha kushoto kikafuata kwa wepesi, na mwili wote ulisogea bila kuyumba. Hakuona cha kusahihisha.

"Kuna kitu kimoja tu, daktari," alisema Ambwene. Nyamizi alishachoka kumweleza kwamba yeye si daktari. "Nikifika kona ya nyumba yangu, miguu inagoma. Inaburuza mara mbili, inasimama. Nahesabu pumzi tatu, ndipo inaendelea. Kwingine kote haifanyi hivyo."

"Nimeuona huo mkwamo kwenye kumbukumbu za mwendo. Baba yako alikuwa nao. Labda palikuwa na jiwe pale, au goti lilimsumbua."

"Hakuwa na goti bovu, mzee yule." Alicheka. Kisha akashusha sauti. "Nilitaka kukuomba jingine. Mama Lugano mgongo unamsumbua. Wiki ya tatu hii analala ukumbini juu ya jamvi, anasema godoro linamuumiza. Huna mazoezi ya kumpa?"

Nyamizi alimwonyesha matatu: kulala chali na kukumbatia magoti, kuinua nyonga, kujinyoosha kwa kushika fremu ya mlango. Ambwene aliyafanya yote palepale sakafuni, taratibu, ili asisahau atakapomfundisha mkewe. Nyamizi aliona fahari. Mgonjwa aliyeanza kuhangaikia mgongo wa mwenzake, aliwaza, huyo amepona.

Soksi zilizompa Ambwene mwendo huo si kitu cha kutisha ukiziona. Ni nyeusi, zinapanda hadi kiunoni, na nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele. Zamani, kabla mashine hazijachukua kazi ya kuchuma chai, wafanyakazi wote wa mashamba yale walivalishwa soksi hizo ili migongo yao ipimwe isije ikaharibika kwa kuinama. Hakuna aliyedhani kwamba zilikuwa zinaweka akiba. Ziliandika kila hatua: msuli gani ulianza, upi ulifuata, uzito uliangukia wapi, na mtu alikuwa amefika wapi alipofanya nini. Watu wakafa, hatua zao zikabaki kwenye Ghala la Miendo. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba soksi inayoweza kuandika inaweza pia kusoma. Unamvika aliyepooza, unamchagulia mwendo, nazo zinaichezesha misuli yake kwa mpangilio uleule, hatua elfu sita kwa siku, mpaka ubongo uchoke kubisha na ufungue njia mpya. Siku ya arobaini mwendo unashika. Ukishashika, hakuna wa kuutoa.

Kwanza Nyamizi alimjaribishia Ambwene mwendo wa wastani, uliochanganywa kutoka kwa watu elfu kumi. Kwenye sakafu ulikuwa mzuri. Kwenye udongo mwekundu wa mteremko wa kwake, siku ya mvua, ulimwangusha akapasuka kidevu, kwa maana mwendo wa wastani haujui tope la mtu yeyote. Ndipo akatafuta ghalani mwendo wa ndugu wa damu, akampata baba mtu: Mzee Gwamaka Mwasyeba, msimamizi wa wachumaji, aliyefariki miaka sita iliyopita. Paja la urefu uleule, nyonga ileile. Ulimkaa mwanawe kama kiatu chake mwenyewe.

Kibali kilitakiwa kutoka kwa mgonjwa na kwa mtu mmoja wa nyumbani. Ambwene alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Mkewe, Tusekile, alisimama mbele ya mashine ya kurekodi, nayo ikamwomba ataje jina la mwenye mwendo. Alinyamaza. Mashine ikarudia. Alinyamaza tena, macho chini, na Nyamizi, aliyedhani ni woga wa vyombo, akamsaidia: akalitaja jina yeye, akamwambia atikise kichwa tu. Alitikisa. Halafu Nyamizi akawasha taswira ili waone walichokubali, na mtu wa mwanga asiye na uso akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Tusekile alijifunika kitenge usoni na kugeukia ukuta.

"Furaha nayo ina machozi," Nyamizi alisema siku ile, akamshika bega.

Kuuliza si ujinga, watu husema. Lakini ili uulize, lazima kwanza ushuku kwamba kuna usilolijua, na Nyamizi siku ile hakushuku chochote.

*

Tusekile alifika alasiri ya siku ileile ya thelathini na sita, saa moja baada ya mumewe kuondoka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, asiyependa kupoteza maneno. Alikataa kuingia chumbani. Wakaketi barazani, kwenye benchi la wagonjwa, ukungu ukishuka juu ya mashamba.

"Shikamoo, mama Lugano. Baba Lugano ameniambia habari za mgongo."

"Marahaba. Mgongo wangu mzima, daktari." Alizitazama mashine mbili zilizokuwa zikichuma chai upande wa pili wa bonde. "Wewe kwenu mnaishije na baba mkwe?"

Nyamizi hakuelewa swali. "Tunaishi naye tu. Wangu ananitania mpaka nakasirika."

"Sisi hatumwoni. Siku hizi wengi wameacha, wanakula naye meza moja, sawa. Nyumba niliyoolewa mimi haikuacha. Mkwe hamtazami mke wa mwanawe, na mke wa mwanawe hamtazami yeye. Jina lake silitaji. Nikisikia anakuja, natoka kwa mlango wa nyuma. Nikikutana naye njiani, naingia migombani na kugeuka mgongo mpaka apite. Miaka ishirini na miwili, daktari. Uso wake niliuona mara moja, amelala kwenye jeneza."

Nyamizi alianza kuelewa, na hakupenda alichokielewa.

"Kwa hiyo mimi sikumjua kwa macho," aliendelea Tusekile. "Nilimjua kwa hatua. Kisigino cha kulia kizito, cha kushoto chepesi. Ningeweza kumtofautisha katika watu mia. Na yule mzee alikuwa na heshima. Akifika kona ya nyumba alikuwa anaburuza mguu mara mbili, anasimama kidogo. Alikuwa ananipa nafasi ya kuondoka. Hata siku niliyokuwa na mimba kubwa ya Lugano, siwezi kukimbia, alisimama pale na mvua inamnyeshea mpaka niliposhuka ngazi za nyuma. Hajawahi kuniaibisha hata siku moja."

Skrini ya Nyamizi iliuita mkwamo ule kasoro. Iliuandika hivyo kwa herufi nyekundu, na yeye mwenyewe alikuwa amepanga kuukata baadaye, mwendo ukishashika, ili kazi yake iwe safi.

"Sasa anakuja," alisema Tusekile. "Kila siku anakuja. Najua ni mume wangu, akili yangu inajua. Lakini mwili unanyanyuka kabla yangu. Juzi niliacha uji jikoni ukaungua, nikajikuta nimesimama migombani. Nikajicheka. Lakini usiku, daktari." Alivuta kitenge mabegani. "Akitoka nje kurudi kitandani, mimi nasikia mkwe wangu anaingia chumbani kwangu. Ndiyo sababu nalala ukumbini."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kibali?"

"Ningesemaje? Ulitaka nitaje jina."

Hakulisema kwa hasira. Nyamizi alianza kusema kwamba angeweza kupunguza uzito wa kisigino, kuukata ule mkwamo, kubadilisha sauti ya hatua. Lakini hata alipokuwa akisema alijua si kweli. Uzito wa kisigino ndio uliobeba nyonga. Ukiugusa, mtu anaanguka mteremkoni.

"Zimebaki siku nne," alisema mwishowe. "Naweza kuutoa kabla ya siku ya arobaini. Lakini lazima yeye aambiwe."

"Ndicho nilichokuja kukuomba. Usimwambie."

"Mama Lugano."

"Miezi kumi na moja alikaa anatazama ukuta. Kisu cha jikoni nilikuwa nakificha, daktari. Umenielewa? Nakificha ndani ya gunia la maharage. Sasa anatembea, anaimba asubuhi. Mimi nitazoea. Nilizoea miaka ishirini na miwili, nitazoea tena. Nimekuja kwako kwa sababu nilihitaji mtu mmoja ajue. Ukimwambia, ataacha kutembea kwa ajili yangu, na huo mzigo utanitwika mimi kichwani. Usinifanyie hivyo."

Alisimama, akakunja kitenge chake, akaaga vizuri kama alivyolelewa.

*

Siku ya thelathini na saba Nyamizi hakufanya kazi ya maana. Alimkanda bibi mmoja bega, akasahau ni lipi lililokuwa likiuma. Alijaribu kulipima jambo kwa kila namna. Siri ilikuwa ya mwanamke, na aliyeitoa ndiye mwenye haki ya kuifungua. Lakini miguu ilikuwa ya mwanamume, na alikubali kuvikwa mwendo bila kuambiwa utamgharimu nini. Hakuambiwa kwa sababu Nyamizi hakuuliza. Akinyamaza siku tatu tu, jambo lingejimaliza lenyewe na hakuna ambaye angemlaumu. Urahisi huo ndio uliomwogopesha. Alijua moyoni kwamba angalau nusu ya hamu yake ya kunyamaza haikuwa huruma kwa Tusekile. Ilikuwa ile fahari ya siku ya kwanza, yale makofi.

Siku ya thelathini na nane Ambwene alipokuja, alimketisha, akamwambia kila kitu isipokuwa habari za kisu.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mama Lugano aliniomba nisikwambie. Nimevunja ombi lake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilichukua kibali chako bila kukieleza kilivyo. Ni kosa langu, na bado kuna siku mbili za kulirekebisha."

"Kurekebisha," alisema Ambwene. "Yaani nirudi kwenye kile kiti. Nioshwe tena kama mtoto. Mke wangu ana tatizo la masikio na mnataka mimi nikatwe miguu." Akasimama. Alisimama vizuri mno, mgongo umenyooka, na Nyamizi aliona jinsi mwili ule ulivyokuwa mzuri, na hakuweza kulikana hilo. Ambwene alitoka bila kuaga. Nyamizi alizisikiliza hatua zake zikishuka ngazi, kisigino kizito, kisigino chepesi, mpaka zikapotea kwenye changarawe.

*

Alirudi kesho yake asubuhi. Tusekile alikuwa naye, lakini alibaki nje ya lango, mbali, na Nyamizi alipompungia mkono hakuitikia.

"Jana nilikwenda kuhakikisha," Ambwene alisema alipoketi. "Nilipita nyuma kama mwizi, nikachungulia jikoni. Amekaa anachambua maharage, anaimba. Nikazunguka kuja kwa mbele. Miguu ikaburuza pale konani, ikasimama. Nilipoingia, jikoni hakuna mtu. Maharage yamemwagika sakafuni, mlango wa nyuma unacheza." Alijipangusa uso. "Nilikwenda stoo, nikatoa kile kiti. Nikajisukuma mpaka jikoni. Akaja, akaniuliza nina nini, nikamwambia nimechoka. Akavuta kigoda akakaa, bega lake hapa." Alijigusa mkono wa kulia. "Tulikunywa chai. Daktari, ni wiki tano sijakaa na mke wangu, na sikuwa nimegundua. Nilikuwa nashughulika kutembea."

Nyamizi alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Kwa mikono yako tu, bila soksi. Nitatembea?"

"Sijui. Kati ya kumi waliopooza kama wewe, watatu hutembea. Si kama sasa. Kwa fimbo, kwa kuburuza. Saba hawatembei kabisa. Na itachukua miezi, na utanichukia."

"Na yeye?" Alielekeza kidevu langoni. "Nimemwambia najua. Anasema nikizivua soksi atakuwa ameniua."

"Kisu atakificha tena?" aliuliza Nyamizi.

Ambwene alishtuka, hakujua kwamba kisu kilifichwa. Aliyatazama magoti yake. "Mwambie akirudishe mahali pake," alisema. "Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Kabla Nyamizi hajaanza kuzivua, Ambwene aliomba atembee mara moja tu, kutoka ukutani hadi ukutani. Alifumba macho akatembea polepole, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Alipofika mwisho alisema hakuwahi kujua kwamba baba yake alitembea hivyo. Mtu haisikilizi miguu ya baba yake, alisema. Mke wake ndiye aliyemjua mzee kuliko yeye. Kisha akaketi, akanyoosha miguu yote miwili, na Nyamizi akaanza kuzivua soksi taratibu kuanzia kiunoni. Zilipofika kwenye vifundo, mguu wa kulia ulilegea ukaangukia kando. Ambwene aliutazama, akageuza uso.

*

Alimchukia kweli, kama ilivyotabiriwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kuketi na kuinuka tu: pua mbele ya magoti, uzito kwenye nyayo, inuka, keti, mara hamsini. Mwezi wa pili kuhamisha uzito, kushoto, kulia, mbele ya kioo, na kila ulipohamia kulia goti lilikunjika na Nyamizi akaudaka mwili wote kifuani pake. Mwezi wa tatu Ambwene alikataa kuja siku tisa. Mwezi wa nne kidole gumba kilisogea. Tusekile ndiye aliyemsukuma kupanda ule mlima kila mara, kilomita mbili, akamwacha langoni. Kwa Nyamizi hakuwa na neno zaidi ya marahaba.

Mwezi wa saba, utaratibu wa kituo ulimtaka Nyamizi amtembelee mgonjwa nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika. Alimkuta Tusekile jikoni akimenya ndizi, peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Halafu, baada ya muda, Tusekile akamsogezea kigoda kwa mguu na kumpa kisu. Nyamizi aliketi akaanza kumenya. Kilikuwa kisu kikali, mpini wake umefungwa uzi mwekundu. Alijua ni kisu gani, na alijua kwamba amepewa kwa makusudi.

Walimenya bila maneno. Beseni lilikuwa limefika nusu walipozisikia hatua. Zilikuwa mbaya. Fimbo iligonga, mguu mmoja ukatua, mwingine ukaburuzwa kwenye udongo, kukawa kimya, fimbo ikagonga tena. Masikio ya mtaalamu yalihesabu makosa yote: nyonga inapanda, kidole hakinyanyuki, uzito bado unakimbia upande wa kushoto. Mwendo huo haukuwamo katika ghala lolote duniani.

Zilifika kwenye kona ya nyumba. Mguu ukaburuza mara moja, ukaburuza mara ya pili. Zikasimama.

Nyamizi aliacha kumenya. Soksi alizivua kwa mikono yake, siku ya thelathini na tisa, na vitabu vyote vinasema kabla ya arobaini hakuna kinachobaki. Huenda Ambwene alikuwa amechoka tu. Huenda alikuwa akivuta pumzi. Nyamizi alihesabu, moja, mbili, tatu, na alijikuta akiutazama mlango wa nyuma, kisha mikono ya Tusekile.

Mikono ilikuwa imetulia juu ya beseni, lakini kwa muda mfupi tu. Kisha Tusekile alichukua ndizi nyingine, akaichana ganda kutoka juu hadi chini.

"Pita, baba Lugano," alisema. "Nipo."